Nyoka hakupoteza "jeni ya miguu"

Nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu wa baiolojia wa sekondari: "Hivi, Daktari, nyoka alipoteza lini jeni ya miguu?" Hakuipoteza. Jeni ya miguu haipo, si kwa nyoka wala kwa ng'ombe, na ninaumia kila nikisikia wanafunzi wanafundishwa kuwa ipo.

Jeni inayotajwa sana hapa ni Sonic hedgehog, au Shh. Nyoka anayo, nzima kabisa. Asingekuwa nayo asingetoka kwenye yai, maana protini yake inayopanga vidole ndiyo hiyohiyo inayosaidia kugawa ubongo na kutenganisha macho mawili.

Kilichoharibika ni swichi. Inaitwa ZRS, na haiko karibu na Shh: kwa binadamu iko umbali wa karibu herufi milioni 1 za DNA, ndani ya jeni nyingine kabisa. Kazi yake ni kuwasha Shh kwenye chipukizi la mguu au mkono, upande wa nyuma. Ubongo una swichi zake.

Lakini neno "swichi" nalo linapotosha, watu wanawaza taa ya sebuleni, iwake au izimike. ZRS ni herufi mamia kadhaa, na protini nyingi huja kuishika, kila moja ikichangia kidogo. Badilisha herufi moja tu mahali pabaya: Shh itawaka hata upande wa mbele, na mtoto atazaliwa na kidole cha ziada upande wa gumba. Protini yenyewe haijaguswa!

Mwaka 2016, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, waliondoa ZRS ya panya wakaweka ya swila. Panya wakazaliwa na vigutu. Walipoweka ya silikanti, samaki yule wa kale wa bahari yetu, miguu ikaota kama kawaida. Kisha wakachukua ya chatu, wakairudishia herufi 17 zilizokuwa zimepotea, na miguu ikarudi.

Vitabu huishia hapo, kana kwamba kesi imefungwa. Mimi sijaridhika. Mababu wa nyoka walipoteza miguu ya mbele kwanza, ilhali ZRS huhudumia ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo ya mbele iliondoka kwa njia nyingine, na huenda ZRS iliharibika baadaye, kama njia isiyopitwa inavyoota majani. Ni chanzo au ni matokeo? Naegemea matokeo kwa swila. Kwa chatu nasita, kwa sababu kiinitete chake bado huwasha Shh kwa muda mfupi kwenye chipukizi la mguu wa nyuma, kisha inazimika. Mkigeuza chatu mzima mkamtazama kando ya tundu la haja, mtaona kucha mbili ndogo, huku na huku.