Koti la mitumba, tyubu ya baiskeli na upepo wa Kibirizi

Ukitaka kujua kama maiki yako imevaa vizuri, shuka nayo mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, saa tisa alasiri, mwezi wa saba. Upepo wa ziwa unakuja moja kwa moja, hakuna mti wala ukuta wa kuupunguza. Mimi nilishuka mara ya kwanza na kile kisponji cheusi kilichokuja na maiki kwenye boksi. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juani alinieleza kwa robo saa jinsi biashara inavyokwenda, nikamshukuru, nikarudi nyumbani Mwanga, nikavaa hedifoni. Nilikuta mngurumo wa lori linalopanda mlima, na ndani yake, kwa mbali, sauti ya mtu.

Kesho yake nikarudi kuomba tena.

"Kwani jana hukusikia?" akaniuliza.

"Mimi nilisikia, mama. Mashine ndiyo haikusikia."

"Basi leo ungekuja na mashine yenye masikio."

Nilikuwa sina. Ndiyo sababu nikaanza kujitengenezea vifaa. Kigoma ni mwisho wa reli, kama kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na hata huko Dar vifaa vya kurekodi sauti nje ya studio havijazagaa madukani. Kapu la upepo la dukani, lile ganda la kuivisha maiki isipigwe na upepo, linaweza kukaribia bei ya maiki yenyewe. Plagi ikikatika Jumatatu na kazi ni Jumatano, hakuna kifurushi kitakachokuokoa.

Nianze na upepo, maana ndio adui mkubwa hapa. Ndani ya maiki kuna utando mwembamba unaotikisika kwa msukumo mdogo sana wa hewa. Hewa inayokwenda kasi ikigonga mwili wa maiki inavurugika, na huo mvurugiko unausukuma utando kwa nguvu kuliko sauti ya mtu yeyote. Maiki ndefu za kulenga upande mmoja ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu zinafanya kazi kwa kulinganisha msukumo wa mbele na wa nyuma ya utando. Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, ile inayosikia pande zote, inavumilia zaidi. Ndiyo maana siku nyingine mwaloni naiacha ndefu nyumbani kabisa.

Sponji linapunguza kasi ya upepo, lakini limeng'ang'ania maiki, halina nafasi. Kinachotakiwa ni chumba cha hewa iliyotulia kuizunguka maiki pande zote, na ukuta wa chumba hicho uwe unapitisha sauti na kuchosha upepo. Nilijaribu kwanza bomba la PVC la inchi nne, nikalitoboa matundu kwa msumari wa moto hadi vidole vikauma. Lilizuia upepo kiasi, ila kila aliyeongea alisikika kama yumo ndani ya ndoo. Matundu yalikuwa machache mno. Sauti iliyoingia ilikuwa inagonga kuta na kurudi. Kapu zuri ni lile ambalo ukiliangalia unaona matundu mengi kuliko plastiki.

Nililonalo sasa limetokana na wavu mgumu wa plastiki wa kuzungushia bustani, nikaukunja kuwa bomba la upana wa sentimita kumi hivi, nikaushona kwa mshipi wa kuvulia. Urefu wake unaizidi maiki vidole vitatu kila upande. Miisho miwili nimeifunga kwa vichujio vya chai vya plastiki, vile vya duara, nikavikata mikono. Umbo la duara linasaidia, upepo unateleza badala ya kugonga kona. Juu ya wavu nimevuta stokingi, na juu ya stokingi ndipo linakuja koti.

Koti ni la mitumba kweli. Nilipindua marobota sokoni hadi nikapata jaketi la kike lenye manyoya marefu ya bandia. Muuzaji alinitazama, akauliza, "Dada, hili la shemeji?" Hapana, kaka, la maiki. Manyoya yakiwa marefu upepo unachokea kwenye ncha zake kabla haujafika kwenye kitambaa. Ila usidanganywe na manyoya, geuza uangalie mgongo wake. Kuna yaliyofumwa juu ya kitambaa chepesi, na kuna yaliyobandikwa kwa gundi juu ya kitu kama turubai. Weka mgongo huo mdomoni, pumua. Ukipata shida kuvuta hewa, rudisha. Ukifika nyumbani, rekodi mtu anayetikisa funguo mita moja mbele yako, mara moja koti likiwa limevaliwa na mara moja bila. Mlio wa funguo ukifubaa kama umefunikwa blanketi, koti hilo linakula sauti nyembamba na maneno yenye "s" na "sh" yatakuja yamekufa. La kwangu linafubaza kidogo, najua, na nimelikubali.

Jambo moja ambalo wengi hulikosa: kata ngurumo za chini kwenye rekoda yenyewe, kuanzia karibu Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kushuka, kabla ya kurekodi. Wanasema watasafisha kwenye kompyuta. Kama upepo umeshaijaza rekoda hadi taa nyekundu, mawimbi ya sauti yamekatwa vichwa tayari, na hakuna programu ya kuvirudisha.

Ndani ya kapu maiki haiguswi na plastiki. Inaning'inia kwenye vipande vya tyubu ya baiskeli, mbele na nyuma, nilivyovikata vyembamba kama tambi nene na kuvipitisha kwa umbo la X. Ukivikaza sana, kila mguso wa mkono unasafiri hadi kwenye maiki. Ukivilegeza, maiki inagonga ukuta ukigeuka haraka. Mimi hukaza hadi nikigonga mshikio kwa kucha nisikie "du" ndogo isiyo na mlio. Na waya unaotoka kwenye maiki uuachie kitanzi laini kabla haujabanwa kwenye mshikio, la sivyo waya wenyewe unakuwa daraja la mitikisiko na tyubu zako zote ni mapambo. Jua la Kigoma linakausha mpira, hivyo kila mwaka nabadilisha. Fundi baiskeli ananipa tyubu mbovu bure.

Fimbo ya kunyanyulia maiki nilianza na mwanzi, ni mwepesi lakini unalia kwenye vifundo ukizungusha mkono. Sasa natumia fimbo ya alumini ya wapaka rangi, ile ya kurefusha rola. Basi, hilo limeisha.

Tuje kwenye waya, na hapa nitakaa, maana karibu kila kifaa kinacholetwa kwangu kikisemekana "maiki imekufa" kinaondoka na maiki nzima na waya uliokatika. Waya wa maiki una nyaya mbili ndogo ndani na nyuzi za kinga kuzizunguka. Plagi ya XLR ina pini tatu zenye namba: ya 1 ni ya kinga, ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile, moja ikiwa kinyume cha nyenzake. Rekoda inasoma tofauti kati ya 2 na 3. Uchafu ulioingia njiani, mfano mvumo wa Hz 50 wa umeme wa ukutani, unaziingia nyaya zote mbili sawasawa, kwa hiyo kwenye tofauti unajifuta.

Ukilijua hilo, kelele yenyewe inakuambia pa kutazama. Mvumo usiokoma: angalia pini ya 1 kwanza. Mkwaruzo unaokuja ukitikisa waya: mmoja wa nyaya za ndani umekatika, na mara nyingi ni sentimita chache kutoka kwenye plagi, pale waya unapopindwa kila siku. Sauti ndogo kuliko kawaida na mvumo juu yake: pini ya 2 au ya 3 imeachia. Milipuko midogo kama mafuta ya kukaangia wakati hakuna anayegusa kitu: hapo siyo waya, ni unyevu ndani ya maiki, nitaufikia.

Kabla ya kukata chochote chukua multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Maiki za kondensa, yaani zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi, zinalishwa na rekoda kupitia waya uleule: volti 48 zinapelekwa kwenye pini ya 2 na ya 3 kwa usawa, kila moja kupitia rizista ya kiloomu 6.8. Chomeka waya kwenye rekoda, washa hizo 48, ncha ya pili ikiwa haina maiki. Pima pini ya 1 na ya 2, kisha ya 1 na ya 3. Zote mbili zisome karibu 48. Kati ya 44 na 52 ni sawa. Moja ikisoma sifuri umeshampata mgonjwa. Zikisoma vizuri, endelea kuushikilia waya na upinde karibu na plagi huku unatazama namba. Namba ikicheza, kata hapo.

Kuchomelea nilifundishwa na mzee mmoja fundi redio. Kila nikiingia kibandani kwake ilikuwa vilevile:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeunguza nini?"

Nilikuwa nimeunguza plagi, kama kawaida. Pasi ya kuchomelea ya bei nafuu haina kipimo cha joto, inayeyusha plastiki inayoshikilia pini, pini zinapinda, plagi haiingii tena. Mzee akachukua plagi ya kike nzima, akaichomeka kwenye ile ya kiume niliyotaka kuchomelea. "Sasa choma." Pini zimeshikiliwa zisihame, na joto linagawanywa. Sijaunguza plagi tangu siku hiyo. Alinifundisha pia kupaka risasi kwenye waya peke yake na kwenye pini peke yake, halafu ndipo nivikutanishe, sekunde mbili au tatu, mkono utulie hadi risasi igande. Risasi ya kawaida ya bati na plumbi ikiganda vizuri inang'aa. Ikiwa imefifia na ina chembechembe, ulitikisa au joto halikutosha, rudia. Na kabla ya yote, pitisha kifuniko cha plagi kwenye waya. Nimechomelea kiungo kizuri cha kujivunia mara zisizohesabika, kisha nikaona kifuniko kipo mezani kinanitazama.

Kosa langu baya zaidi halikuunguza kitu. Nilibadilisha pini ya 2 na ya 3 upande mmoja wa waya. Waya ule peke yake ulifanya kazi vizuri, hakuna ambaye angejua. Nikaenda kurekodi kwaya kwa maiki mbili, moja ikiwa kwenye waya huo. Kila maiki peke yake ilikuwa tamu. Nilipozichanganya, sauti za besi za wanaume zikapotea, kama wamehama kanisa. Maiki mbili zilikuwa zinavutana, moja ikisukuma nyingine ikivuta. Kwenye kompyuta ni kubonyeza kitufe kimoja cha kugeuza, lakini nilihangaika nusu siku kabla ya kukifikiria. Siku hizi kila waya ninaoutengeneza naupima pini kwa pini, 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, kisha naufunga uzi mwekundu. Usio na uzi hautoki nyumbani.

Unyevu sasa. Msimu wa mvua hapa, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, maiki ya kondensa ikilala nje ya boksi inaamka ikikohoa. Usiifungue. Utando ule ni mwembamba kuliko maganda ya kitunguu, na kidole kimoja kinatosha kuumaliza. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye viatu vipya, iache usiku kucha. Vifuko vikichoka, punje zinaweza kukaushwa kwa moto mdogo, ila usitumie sufuria ya ugali. Zile zenye rangi ya bluu rangi yake ni sumu.

Betri nitasema neno moja, kwa sababu nimeona moshi. Seli za 18650, zile betri za lithiamu za mviringo za kuchaji, zilizoandikwa mAh 9900 (kipimo cha chaji inayoingia) ni uongo ulioandikwa kwa wino mzuri. Seli nzuri za ukubwa huo zinakaa kwenye 3000 hadi 3500. Usichomelee risasi moja kwa moja juu ya seli, joto linaiharibu ndani. Na weka fyuzi karibu kabisa na betri. Mimi niliiweka upande wa rekoda, waya ukabanwa na mlango wa gari kabla ya fyuzi, na begi langu lina tundu hadi leo.

Kilichoko mezani wiki hii ni maiki ya chini ya maji. Nimetoa kile kisahani cha shaba kinachotoa mlio kwenye king'ora kibovu, nikakichomelea waya wenye kinga, nikakizamisha kwenye nta ya mshumaa. Hakihitaji volti 48, zima kabisa. Kinataka mlango wa rekoda wenye ukinzani mkubwa, ule wa gitaa, ukikichomeka kwenye mlango wa maiki besi zote zinapotea. Nilikishusha nikiwa juu ya mtumbwi nje ya Katonga. Kwenye maji sauti inakwenda karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na nilisikia injini ya boti iliyokuwa bado haijaonekana nyuma ya rasi. Halafu nta ikapasuka, maji yakaingia, nikabaki na mkwaruzo.

Sasa nimekipaka gundi ya kuchanganya, ya mirija miwili, iko dirishani inakauka. Wavuvi wa dagaa wanasubiri giza la mwezi ndipo watoke, na nimeshaomba nafasi kwenye mtumbwi wao. Nahodha ana sharti moja, nisilete lile koti. Anasema litawafanya wenzake wacheke hadi dagaa wakimbie.