Mistari ya sadaka tunayosomewa nusunusu

Kuna mambo ya utoaji tumeyasikia miaka na miaka mpaka tunaamini yameandikwa hivyo, halafu ukifungua Biblia mwenyewe unakuta mstari upo kweli ila umekatwa katikati. Mi hili linaniuma kwa sababu wanaoumia ni mama ntilie na vijana wa bodaboda, sio wenye V8.

La kwanza ni hili la kwamba usipotoa fungu la kumi umemwibia Mungu na ndo maana biashara haiendi. Hapo lazima usomewe Malaki 3. Sawa, lakini Malaki alikuwa anaongea na Israeli, na zaka yao ilikuwa mazao na mifugo, ya kuwatunza Walawi, kabila la wahudumu wa ibada ambao hawakupewa urithi wa ardhi (Hesabu 18). Halafu soma Kumbukumbu la Torati 14, hii sijui kwa nini haihubiriwi: mtu alikuwa anaila zaka yake na nyumba yake mbele za Bwana kwa furaha, na kila mwaka wa 3 inawekwa pale pale mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Yaani huyu mjane anayetishiwa na Malaki leo ndo alitakiwa awe mpokeaji jamani! Kutoa asilimia 10 ni nidhamu nzuri, naiunga mkono kabisa, ila Paulo akiwaandikia Wakorintho hataji asilimia, anasema kila mtu kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Kor 9:7).

Na ni hiyo hiyo sura wanayoitumia kwenye "panda mbegu", apandaye haba atavuna haba, tuma kwenye namba hii upokee gari. Paulo pale alikuwa anachangisha kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, hela haikuwa yake. Mfano aliowapa ni Wamakedonia, watu waliotoa wakiwa kwenye umaskini mkubwa, na hasemi popote kwamba baada ya hapo wakatajirika.

Wengine wanaamini kukopa ili utoe ndo imani kubwa, au kutoa ada ya mtoto. Hapana. Sadaka inakubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si asivyo navyo (2 Kor 8:12), na Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio cha Korbani, yaani mali hii nimeshamtolea Mungu (Marko 7).

Halafu kuna kupima imani ya mtu kwa mnada. Walioko usharikani wanaujua, ibada ikiisha zinatoka ndizi, trei la mayai, jogoo kafungwa miguu, mtu ananunua mayai kwa elfu 30 anasema mnadini tena, yaani yarudishwe yauzwe upya, kanisa zima makofi, na aliyeyaleta asubuhi kayabeba kichwani wala hatajwi. Mnada sio dhambi, unajenga makanisa, ila Marko 12 Yesu alikaa kuelekea sanduku la hazina akamtaja yule mjane maskini wa senti mbili, na mstari mmoja tu kabla ya hapo anawashutumu walimu wanaokula nyumba za wajane, hiyo nayo isomwe.

Kwamba pesa ni dhambi na Mkristo wa kweli awe maskini, hiyo fupi: 1 Timotheo 6:10 inasema kupenda fedha, na huko kupenda hata asiye na kitu anaweza akawa nako.

Eti pesa ikishaingia kanisani imeshakuwa safi? Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo lilirudisha mchango wa Rais Ruto wa Kenya aliotoa parokia ya Soweto, hapo hapo Nairobi, likisema kanisa lisitumike kisiasa. Hela ya kwaya na ya nyumba ya padri, ikarudi. Nililipenda sana lile.

La mwisho, kuuliza mahesabu sio kukosa imani wala sio kumgusa mpakwa mafuta, yaani mtumishi wa Mungu. Paulo mwenyewe alipopeleka ule mchango aliongozana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili mtu asije akawalaumu (2 Kor 8:19-21). Kwa hiyo kama kwenu mapato na matumizi hayasomwi kwenye matangazo, mwone mzee wa kanisa au mhazini baada ya ibada, muulize kwa heshima tu, mna haki ya kuyaona.