Jeshi Lina Hela, Ndiyo. Na Wewe Je?

Jumapili simu imeita, ugali uko jikoni. Kijana wa kwetu, yuko Baltimore, ana kampuni ya watu watatu na bandeji ya kugandisha damu. "Shikamoo mama. Nasikia jeshi la Marekani lina hela kama mchanga. Pale Fort Detrick nimwone nani?"

Hakuna "nani", mwanangu. Kazi yangu ni kuzishauri kampuni zinazotaka kuiuzia serikali; nimeyasema haya mpaka sauti imekauka, sasa nayaandika.

Fort Detrick, mjini Frederick, Maryland, kuna wanasayansi wa jeshi na watu wa mikataba. Hakuna dirisha la kupokelea bandeji. Jeshi linanunua jibu la shida ambayo lenyewe limeshaiandika, likaitafutia fungu. Zabuni nyingine hupitia jumuiya kama MTEC, muungano wa kampuni na vyuo vya teknolojia ya tiba, na huko kama si mwanachama hupewi mkataba. Ada ya uanachama ni ndogo kuliko ya wakili wako. Lipa tuendelee.

Kinachonikera ni hiki: watu wanachanganya hela ya utafiti na mauzo. Mtu anapata SBIR, ule mpango wa 1982 wa kampuni ndogo, anafanya sherehe, anaajiri. Awamu ya kwanza ni kuonyesha kwamba kitu kinawezekana. Ya pili ni kukitengeneza. Ya tatu ndiyo kuuza, na hiyo haina hata senti ya SBIR. Soma tena. Ofisi iliyokulipa utafiti mara nyingi siyo inayonunua, na wanunuzi huenda hawajawahi kukusikia. Nimezika kampuni kadhaa kwenye pengo hilo hilo, zote zikiwa na barua nzuri za pongezi ukutani.

Na wakubwa huanguka pia. Novemba 2004 serikali iliipa kampuni ya chanjo VaxGen mkataba wa dola milioni 877.5, dozi milioni 75 za chanjo mpya ya kimeta, chini ya Project BioShield, mpango wa kununua kinga dhidi ya mashambulizi kama ya vijidudu. Unaona namba unameza mate. Ila sheria ilisema malipo ni baada ya kupokea mzigo. Chanjo ikasumbua, haikudumu ghalani kama ilivyotakiwa, jaribio likachelewa, na Desemba 2006 mkataba ukafutwa. Mwezi huo huo ikapita sheria iliyounda BARDA, ofisi ya kugharimia dawa na chanjo za dharura, na kuruhusu kulipa hatua kwa hatua. Msiba wa mmoja ukawa somo la wengine.

Halafu BARDA si jeshi! Iko chini ya wizara ya afya, inawaza raia wote. Pentagon inamuwaza askari. Ukipeleka andiko moja kote kuwili kwa kubadilisha nembo tu, wanajua. Nami najua, maana huwa naletewa nilipitie.

Kuna jambo sisi washauri hatupendi kulisema mbele ya wawekezaji. Dawa ya ndui (ugonjwa uliotokomezwa ila unahofiwa kuwa silaha), tecovirimat, iliidhinishwa 2018 kwa ushahidi wa nguzo mbili: ilivyowaokoa nyani na sungura, na usalama wake kwa watu wazima wenye afya. Huwezi kumwambukiza mtu ndui ili umjaribie dawa, naelewa. Lakini mwaka 2024 matokeo kutoka Kongo yalionyesha haikuharakisha kupona vidonda vya mpox, ambayo ni ndugu wa ndui. Ndugu si pacha, watasema. Sawa. Ila hakuna mgonjwa wa ndui aliyewahi kutibiwa nayo, na maghala ya serikali yamejaa. Mimi huisaidia biashara hii kuuza, na usiku wa matokeo hayo nilikosa usingizi.

Nikamrudia kijana. Ili upate SBIR, zaidi ya nusu ya kampuni iwe ya raia wa Marekani au mwenye makazi ya kudumu huko. Anayo kadi ya makazi. Vizuri. Nikamuuliza la mwisho: bandeji yako inakaa muda gani ndani ya begi la mganga wa jeshi, jangwani, jua la saa nane?

Kimya.

"Kwa sasa tunaiweka kwenye friji, mama."