Kusimulia yaliyowapata wengine kwa Kiwelisi

Wanaojifunza Kiwelisi, lugha ya Wales, wengi huanza na "mimi nilifanya hivi", ikifika zamu ya kumsimulia jirani wanakwama, wakati mi naona habari za wengine ndo rahisi. Chukua gweld, kuona. Aliona ni gwelodd, unaongeza hi kama ni mwanamke, e kama ni mwanaume (kaskazini utasikia o), basi. Waliona ni gwelon nhw.

Sasa hapa sisi wa Kiswahili ndo tunachemka. Tumezoea mtoto aliona, watoto waliona, kitenzi kinamfuata mtenda popote. Kwa Kiwelisi ukishataja watu kwa nomino kitenzi kinabaki umoja hata wawe kijiji kizima, gwelodd y plentyn, gwelodd y plant, ile gwelon inatokea ukiweka nhw tu, yaani wao. Ukisema gwelon y plant watakuelewa ila umekosea.

Kitenzi ninachokipenda ni cael, kupata, maana kinatembea sawa na chetu. Cafodd hi ddamwain, alipata ajali. Cawson nhw fabi, walipata mtoto. Ajali kwenye kamusi ni damwain na mtoto mchanga ni babi, ila vikitendwa na kitenzi kilichonyambuliwa hivi herufi ya kwanza inalainika, kwa hiyo usihangaike kutafuta fabi kwenye kamusi. Hata kwa kuzaliwa wanatumia huku huku kupata: cafodd hi ei geni ni yeye mwanamke, cafodd e ei eni mwanaume, g imeyeyuka.

Mtego mkubwa ni "ali-" yetu. Alianguka na alijua kwetu ni sare moja, kwao kuanguka ni tukio na kujua ni hali, kwa hiyo syrthiodd hi lakini roedd hi'n gwybod, na aliishi Cardiff (mji mkuu wao, Caerdydd) ni roedd hi'n byw yng Nghaerdydd. Kabla hujabandika -odd jiulize kwanza, kilitokea kikaisha au kilikuwa kinaendelea?

Watu wa kaskazini wana njia ya mkato, ddaru hi weld, ddaru nhw weld, ddaru haibadiliki kwa yeyote, mvivu ahamie huko.

Ukiulizwa Gafodd hi ddamwain? ndiyo ni Do, hapana ni Naddo, awe nani aliyepatwa. Ukikanusha c inageuka ch: Chafodd hi ddim damwain, na hapo damwain inarudisha d yake maana ddim imekaa katikati.