Aliyeungua moto akirudi nyumbani, msimwache ajikunje

Msimu huu wa baridi Moshi, majiko ya mkaa yameingia vyumbani, na familia nyingi zinauguza mtu aliyeungua. Lalamiko linalorudi kliniki ni hili: kidonda kimefunga, mbona mkono haunyooki?

Haunyooki kwa sababu kovu hujivuta kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga. Mgonjwa hukunja kiungo kwa kuwa hapo maumivu hupungua, nanyi kwa huruma mnamwekea mto. Kiungo hukakamaa hapo hapo.

Aliyeungua shingo halalii mto. Kunjeni taulo, muweke chini ya mabega, kidevu kiinuke. Kwapa likiungua, mkono ukae mbali na ubavu. Kiwiko na goti vikae vimenyooka, na banzi (kifaa kigumu cha kukishikilia kiungo kikae kimenyooka) alilopewa alivae usiku hata akilalamika. Vidole vifungwe kimoja kimoja. Vikifungwa pamoja vikiwa na vidonda vibichi, hushikana. Mara 4 au 5 kwa siku mnyoosheni taratibu mpaka ahisi kovu limevutika, mshikilie hapo sekunde 30. Aliyepandikizwa ngozi asubiri ruhusa ya mtaalamu wa mazoezi tiba.

Dawa ya maumivu apewe nusu saa kabla ya kufungua kidonda. Bandeji iliyoganda msiivute, itang'oa ngozi changa. Ilowesheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Tumeshasema sana, na tunarudia: maji safi hayaozeshi kidonda, na mayai, samaki na maharage hayaleti usaha. Kumnyima vyakula hivyo ndiko kunakochelewesha kupona. Mtori uliojaa ndizi na vipande viwili vya nyama haumtoshi. Ongezeni nyama, na maziwa pembeni.

Siku ya kliniki njooni na kadi, fomu ya ruhusa ya kutoka wodini, banzi na dawa zote. Asiye na uwezo wa kulipa aanze kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, apate barua yenye jina kamili la mgonjwa kama lilivyo kwenye kadi, sahihi na mhuri. Aipeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya dirisha la malipo, si baada ya bili kutoka. Barua isiyo na mhuri itawarudisha mlikotoka.

Homa, harufu mbaya, usaha, au uvimbe wenye joto unaotambaa pembeni mwa kidonda: mleteni siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.