Makaa ya mawe hayageuki almasi jamani

Kwenye magrupu ya hapa Mwanza inazunguka tena ile meseji ya tajiri wa makaa ya mawe Uingereza aliyeingia siasa, eti utajiri wake ni makaa aliyoyafukia yakageuka almasi. Sio kweli. Wenye migodi walioingia bungeni kule karne ya 19 waliuza makaa kwa viwanda, treni na meli, basi. Watu wanachanganya sababu vyote ni kaboni, ila almasi nyingi zina zaidi ya miaka bilioni 1 na zimetokea kilomita 150 hivi chini, wakati makaa ni mimea iliyofukiwa, na mimea ya nchi kavu haijafikisha hata miaka milioni 500. Ulizia aliyewahi kufanya kazi mgodi wa almasi wa Mwadui, ni hapo Shinyanga tu, atakwambia almasi inachimbwa kwenye mwamba wa volkano uitwao kimbalaiti (kimberlite), makaa yanachimbwa mbali huko Ngaka, Ruvuma. Ikikufikia usiifowadi, futa tu.