Santuri za Jazi Zinazosema Kiswahili

Katika mkusanyiko wangu wa santuri za jazi ipo rafu moja fupi ambayo sikuipanga kwa jina la mwanamuziki, wala kwa lebo, yaani kampuni iliyoitoa, wala kwa mwaka. Nimeipanga kwa lugha. Humo zimo albamu zilizorekodiwa Marekani kuanzia mwaka 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, zenye majina ya Kiswahili, au zenye Kiswahili chenyewe ndani ya mifereji yake. Kila mkusanyaji anaijua Kind of Blue ya Miles Davis ya mwaka 1959, nami sina ugomvi na sifa zake, kwani inastahili kila neno jema lililosemwa juu yake. Lakini albamu ninazotaka kuzieleza hapa hupitwa haraka mno, na naamini sababu mojawapo ni kwamba wengi wanaoziandikia huyasikia maneno ya Kiswahili kama pambo tu, hali sisi tunaoisema lugha hii tunasikia maana, na wakati mwingine tunasikia hata pale maana ilipoteleza.

Iliyo kubwa kuliko zote, kwa hukumu yangu, ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960 na kutolewa na lebo ya Roulette mwaka uliofuata. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na Weston alitaka kuliadhimisha jambo hilo kwa utunzi mrefu wenye sehemu nne. Maneno alimwomba mshairi Langston Hughes, na kazi ya kuzipangia ala sauti zake akamkabidhi Melba Liston, mpiga tromboni ambaye jina lake lilipaswa kutajwa sambamba na la Weston kila albamu hii inapozungumzwa. Bendi ilikuwa na wanamuziki zaidi ya 20, wakiwemo Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef kwenye saksafoni na filimbi, Max Roach kwenye dramu, na pamoja naye Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido Camero wa Cuba kwenye ngoma za mkono.

Sindano inapotua, anayetupokea si mpiga piano. Ni ngoma, na juu ya ngoma sauti ya mwanamume anayelighani shairi la Hughes kwa Kiswahili. Huyo ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa akifanya kazi Umoja wa Mataifa wakati huo. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike kwa heshima yake, kinyume cha filamu za Hollywood zilizowapa Waafrika milio isiyo na maana yoyote, na alipowauliza watu wa Umoja wa Mataifa walimwelekeza kwenye Kiswahili. Sasa zingatia tarehe. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, kwa hiyo Sanga analitamka neno hilo studio zaidi ya mwaka mzima kabla nchi yake haijalipata jambo lenyewe. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, na kwa msikilizaji anayejua tarehe hizo jina hilo si kauli ya sherehe, ni dai ambalo bado halijajibiwa. Kila ninapoiweka santuri hii, ni hapo ambapo mwili hunisisimka, kabla hata bendi haijaingia.

Sehemu ya pili, African Lady, inaimbwa na Martha Flowers na Brock Peters, na ndipo sifa ya Liston inapodhihirika zaidi: bendi ile kubwa inajifanya ndogo, inawaachia waimbaji nafasi, kisha inafunguka taratibu. Upande wa pili wa santuri una sehemu inayoitwa Bantu, halafu Kucheza Blues. Jina hili la mwisho nalipenda kwa namna ya pekee. Kwetu ala haichezwi, ala hupigwa. Anayecheza ni yule aliyesimama uwanjani na mwili wake. Msikilizaji wa Kimarekani anaweza kudhani jina linasema tu kwamba bendi inapiga blues, lakini Mswahili anaambiwa ainuke, na midundo inakubaliana na Mswahili. Sikiliza besi mbili, ya George Duvivier na ya Ron Carter, zinavyobeba mwendo huo chini ya ngoma.

Mwaka 1964 serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hii, jambo linaloonyesha kwamba walau huko kulikuwa na watu waliomwelewa Weston vizuri.

Neno moja kwa anayetaka kununua nakala ya zamani. Katika santuri yoyote, ukingo wa nje ndio unaopata shida zaidi, kwa sababu hapo ndipo sindano huteremshwa kila mara, tena mara nyingi kwa mkono usio mwangalifu. Katika Uhuru Afrika, ukingo huo ndio wenye sauti ya Sanga. Nakala inaweza kung'aa kutoka katikati hadi karibu na mwisho, na bado shairi likawa limemezwa na mikwaruzo. Mimi huiinamisha santuri chini ya taa ya karibu, nikaizungusha polepole, na kuutazama ule upana wa kidole kimoja wa mwanzo: mifereji ikiwa ya kijivu badala ya nyeusi, naiacha, hata kama jalada ni safi kama jipya.

Kenya nayo imo kwenye rafu, kwa kipande kimoja tu. Lee Morgan alirekodi Search for the New Land kwa ajili ya lebo ya Blue Note tarehe 15 Februari 1964, miezi miwili baada ya Kenya kupata uhuru, na upande wa pili unafunguliwa na Mr. Kenyatta. Ni utunzi wenye furaha, tarumbeta ya Morgan na saksafoni ya Wayne Shorter zikienda bega kwa bega, na gitaa la Grant Green likizifuata. Kwa bahati mbaya albamu nyingine ya Morgan, The Sidewinder, iliuza sana mwaka huohuo, na lebo ikataka zaidi ya namna ile; kanda hii ikawekwa kando hadi mwaka 1966. Muziki haukuwa na kasoro yoyote. Ulikosa tu kufanana na ule uliokuwa ukiuzwa.

Albamu iitwayo Kawaida, iliyorekodiwa Desemba 1969 chini ya mpiga dramu Albert Heath, ilipata bahati mbaya zaidi. Ilitoka kwenye lebo ndogo, na baadaye ikauzwa upya kwa jina la Herbie Hancock, ambaye humo ni mpiga piano tu. Tungo zake zinaitwa Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia na Kamili. Heath mwenyewe alijiita Kuumba. Jina la albamu linatoka kwenye falsafa ya Maulana Karenga, mwanaharakati wa Marekani, ambamo neno kawaida linabeba uzito wa mila na busara, si ule wa jambo la kila siku tulilozoea sisi. Mpiga konga wa albamu, James Mtume, ndiye aliyempa Hancock jina la Mwandishi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye albamu ya Hancock iitwayo Mwandishi, iliyorekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970. Wanamuziki wote sita walichukua majina ya Kiswahili, nami nimeyatafakari majina hayo kwa miaka. Mtunzi wa muziki kaitwa Mwandishi, ingawa neno mtunzi lipo. Buster Williams wa besi kaitwa Mchezaji, jina ambalo sisi tungempa mtu wa mpira. Billy Hart wa dramu ni Jabali, na amelitendea haki. Bennie Maupin ni Mwile, ambalo nalisikia kama mwili. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na huyu alikuwa daktari kweli, aliyesomea udaktari na kutibu watu.

Albamu hii imefunikwa na Head Hunters ya mwaka 1973, iliyomtajirisha Hancock kwa wasikilizaji wapya. Kipande cha kwanza, alichomtungia mwanaharakati Angela Davis, kinazunguka juu ya besi yenye mapigo 15, na sikio lisipotulia hupotea njia. Upande wa pili wote ni utunzi mmoja wa zaidi ya dakika 20, Wandering Spirit Song, unaoanza kwa upole, ukachafuka katikati, kisha ukarudi ulikotoka. Aliyeutunga ni mpiga tromboni Julian Priester, ambaye jina lake la Kiswahili ni Pepo Mtoto.